Jeshi likipindua nchi, watu wa dini wanafaidi au wanaliwa?

Wadau kwema? Juzi niko kijiweni hapa Kiboriloni fundi anaziba pancha ya pikipiki, mzee mmoja akadai eti mapinduzi ya kijeshi siku hizi yanawapa nguvu viongozi wa dini. Nilibisha mpaka kahawa ikapoa. Angalieni Mali, 2020 Imamu Mahmoud Dicko ndo alikuwa anajaza watu Bamako kumkataa rais Keïta, Agosti 18 wanajeshi wakamtoa, kila mtu akajua sasa nchi ya imamu. Wapi! Akaja kugombana nao, mwisho wa 2023 akaenda Algeria, na Machi 2024 wakalivunja na kundi lake. Kaliwa huyo.

Wa Majengo: Mangi umechagua mfano unaokubeba. Sudan je? Mapinduzi ya Juni 1989 yalisukwa na chama cha Kiislamu cha Hassan al-Turabi, yule mwanajeshi Omar al-Bashir walimtafuta tu wa kuvaa magwanda. Mpaka Turabi mwenyewe akakubali kuwekwa ndani na wakubwa wengine wa siasa ili watu wasishtuke kwamba dili ni lake. Hapo nani anamtumia nani?

Mleta mada: Haha hiyo naijua, ila malizia stori mkuu. Desemba 1999 Turabi ni spika, rais Bashir akavunja bunge lote, 2001 jamaa akatupwa ndani tena na safari hii hakuna maigizo. Miaka kumi tu.

Wa Majengo: Miaka kumi unaita "tu"? Sheria za nchi zilibadilika pale, na hazikuondoka na Turabi.

Wa Njiro: Kaka zangu mnaongea kama dini ni mtu mmoja. Misri Julai 3, 2013, mkuu wa jeshi al-Sisi anatangaza kwenye TV kwamba rais Morsi basi, pembeni wamekaa Shehe Mkuu wa Al-Azhar na Papa Tawadros wa Wakopti, msikiti na kanisa fremu moja. Desemba hiyohiyo Ikhwani, kundi la Kiislamu la huyo Morsi, wakaitwa magaidi. Sasa dini ilipanda au ilishuka? Mi naona mwanajeshi anachagua shehe wa kupiga naye picha na shehe wa kumfunga.

Mleta mada: Dada hapo umenibana. Ila nikuulize, wale wawili siku ile wangegoma kwenda, Sisi angeahirisha?

Wa Njiro: Asingeahirisha. Ila angetangaza akiwa kazungukwa na magwanda matupu, na hicho ndo alikuwa hakitaki kabisa.