Manusura wa kambi za Wanazi katika maisha ya mjini: The Pawnbroker, Sophie's Choice au Phoenix?

PwaniSinema:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu kina nafasi ya filamu moja mwezi ujao, na tumekubaliana iwe juu ya mtu aliyenusurika Maangamizi ya Wayahudi kisha akaanza upya mjini. Sitaki mapigano. Nataka yale ya baadaye: mtu anafungua duka asubuhi, anapanda treni jioni, na kichwani bado yuko kambini. Nimebakiza tatu: The Pawnbroker ya Sidney Lumet (1964), Sophie's Choice ya Alan Pakula (1982) na Phoenix ya Christian Petzold (2014). Watazamaji wengi ni vijana wa chuo. Mngechagua ipi?

Mzee wa Projekta:
The Pawnbroker, sisiti hata kidogo. Sol Nazerman alikuwa profesa Ujerumani. Mkewe na watoto wake wawili waliuawa. Sasa ana duka la rehani East Harlem, New York. Yeyote aliyewahi kuweka simu bondi ili apate nauli ataielewa dirisha ile ya Sol bila kufafanuliwa. Binti mjamzito analeta pete, Sol anamwambia jiwe lake ni kioo tu, na papo hapo tunaona mikono kwenye seng'enge, wafungwa wakivuliwa pete vidoleni.

Hapo ndipo ufundi wa Lumet ulipo. Kumbukumbu inaingia kwa kufumba na kufumbua, inakatika, inarudi ndefu zaidi, hadi Sol yuko ndani ya treni ya chini ya ardhi na behewa linageuka lile lililowasomba familia yake. Hakuna anayemsimulia mwenzake. Ni mji wenyewe unaomkumbusha. Rod Steiger, anayemwigiza Sol, alipata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 1964 kwa uigizaji huo, na alistahili.

Nuru_Kisauni:
Shikamoo Mzee. Naheshimu chaguo lako, ila mimi nasimama na Sophie's Choice. Meryl Streep alichukua Oscar, na ukimsikia akizungumza Kiingereza chenye lafudhi ya Kipolandi, kisha Kijerumani kambini, unasahau kuwa anaigiza. Kinachonigusa ni jinsi Sophie anavyodanganya. Anatoa simulizi moja, baadaye anaibadili, na kila mara tunasogea karibu na lile asiloweza kulitamka. PwaniSinema, waambie vijana mapema kuwa Sophie ni Mkatoliki wa Poland, si Myahudi. Na ni saa mbili na nusu, muanze mapema.

Mzee wa Projekta:
Marahaba mwanangu. Streep sina neno naye. Lakini Brooklyn ya 1947 pale ni nyumba moja na marafiki watatu. Mji hauonekani.

Mkazi_Kigali:
Ndugu zangu, msiipite Phoenix harakaharaka. Nelly anarudi Berlin mwaka 1945, uso umeharibiwa kwa risasi na kutengenezwa upya. Mumewe hamtambui, tena anamwomba ajifanye mkewe ili apate urithi wa "marehemu". Na huenda mume huyo ndiye aliyemsaliti. Hapa Rwanda, baada ya 1994, manusura walirudi kuishi mtaa mmoja na waliowatoa kwa wauaji. Kwa hiyo swali la Nelly, kama anaweza kumpenda tena mtu huyu, nalijua lina uzito gani. Tena haifiki hata saa mbili.

Achieng_Filamu:
Mimi nina tatizo na The Pawnbroker. Watu Weusi na Wapuertoriko wa Harlem wengi wamewekwa kama majambazi, makahaba au wahitaji, na kijana Jesus Ortiz, msaidizi wa Sol dukani, anakufa ili Sol aamke. Maisha yao wenyewe yako wapi?

Mzee wa Projekta:
Binti yangu, hoja yako ni nzito na Ortiz alistahili zaidi. Lakini tazama tena yule bosi wa uhalifu, Rodriguez, anayepitisha fedha zake kwenye duka la Sol. Sol anapogundua kuwa fedha zinazopita dukani zinatoka kwenye danguro, anakumbuka alichofanyiwa mkewe na Wanazi. Alikuwa ananufaika na mateso ya majirani zake huku akijiambia hahisi chochote. Naona filamu inamhukumu kwa hilo, haimwachii.

Achieng_Filamu:
Basi hilo liwe swali la mjadala, lisiachwe lijitokeze lenyewe.

PwaniSinema:
Asanteni sana. Tunaanza na The Pawnbroker, na swali la Achieng litafungua mjadala. Phoenix itafuata. Kwa kuwa kwenye The Pawnbroker kuna wanawake wanaoonyeshwa uchi, na kambini ni kwa ukatili, nitatangaza iwe ya watu wazima tu.

Mzee wa Projekta:
Vizuri. Tafuteni spika nzuri kuliko zile za mara ya mwisho. Muziki ni wa Quincy Jones, na ukisikika kwa kukwaruza mtapoteza nusu ya Harlem.