Mganga akitaja jina na mzee akauawa, nani ajibu? Mjadala wa Malindi kuhusu dini ya jadi na Sheria ya Uchawi

Mleta mada

Katika Kaunti ya Kilifi, kuanzia Ganze na Magarini hadi pembezoni mwa Malindi mjini, wazee wanaendelea kuuawa kwa kuitwa wachawi. Kila baada ya maziko husikika kauli mbili. Ya kwanza inasema Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ni mabaki ya mkoloni, inaifanya dini nzima ya Mijikenda ionekane uhalifu, kwa hiyo ifutwe. Ya pili inasema ikifutwa, waganga wanaotaja watu watakuwa wamefunguliwa mlango. Naona kuna swali gumu zaidi chini ya hizo mbili. Dini isiyo na kitabu wala askofu inamwajibishaje mfuasi wake? Mtoto amekufa, mburuga (ramli ya mganga) imepigwa, jina limetoka, panga limenolewa. Dhambi ni ya nani? Leteni hoja, matusi yawekeni kando.

Mwanasheria, Malindi mjini

Tuisome sheria kabla ya kuizika. Haikatazi tambiko, haikatazi kuwamwagia koma (roho za wazee waliokufa) mnazi, haikatazi kusimamisha kigango, nguzo ya kumkumbuka marehemu. Inamshika anayejidai ana uwezo wa kuwadhuru watu kwa uchawi ili awatie hofu, na anayeweka hirizi kwa nia hiyo. Tena, na hili wengi hawalijui, inamshika anayemwita mwenzake mchawi. Kifungu cha 6 kinasema kumtuhumu mtu uchawi, au kumtisha kwamba utamtuhumu, ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500 au kifungo kisichozidi miaka 5. Ila kifungu hicho kina tundu. Tuhuma iliyopelekwa kwa polisi, kwa chifu au kwa mtu mwingine mwenye mamlaka haihesabiwi kuwa kosa. Sheria hiyo hiyo inamgusa pia anayemwendea mtu amtambulishie mhalifu kwa njia zisizo za kawaida. Familia iliyotoka nyumbani kwenda kutafuta jina imo ndani, si mganga peke yake.

Mtu akishauawa, hata hatuihitaji sheria ya 1925. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyeshauri au kuchochea kosa kuwa ameshiriki kulitenda. Na kile kisingizio cha "niliamini ameniroga" kilishajibiwa mwaka 1951 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda. Imani peke yake si uchokozi. Lazima marehemu awe alitenda kitu mbele ya mshtakiwa, hapo hapo, kikampandisha hasira ya ghafla. Aliyekwenda kwa mganga Jumatatu akaua Ijumaa hana ghafla ya kudai.

Mfuasi wa dini ya jadi, Marafa

Nashukuru kwa hayo ya tambiko, maana tumechoka kuitwa wachawi sote. Mganga na mutsai (mchawi) ni watu wawili, na kwetu utsai ndio uovu wenyewe. Lakini sikubali kwamba dini yetu haina uwajibikaji, eti kwa kuwa haina kitabu.

Tazama utaratibu ulivyo. Mburuga ni uchunguzi, haijapata kuwa hukumu. Mganga husema ugonjwa umetoka wapi: kwa koma waliosahauliwa, kwa mwiko uliovunjwa, kwa pepo, au kwa mtu. Sehemu kubwa ya majibu yanamrudia mwulizaji mwenyewe. Hukumwaga mnazi kaburini kwa baba yako, hukutimiza ahadi, umelala usipopaswa kulala. Huo si uwajibikaji? Jibu likiwa ni mtu, shauri linakwenda kwa wazee, na anayetuhumiwa ana haki ya kula kiraho, kiapo cha kupima kama anasema kweli: cha shoka lililotiwa moto au cha papai. Akitoka salama amesafika mbele ya wote, na aliyemsingizia anabaki na aibu na deni. Akishindwa, kuna fidia na utakaso. Panga halimo popote katika hatua hizo.

Kilichoharibika ni kwamba hatua za katikati zimerukwa. Vijana wanatoka kwa mganga moja kwa moja hadi mlangoni kwa mzee. Kiraho kina gharama, kinataka wazee wakutane, kinataka siku. Na mamlaka ya kaya, misitu mitakatifu walimokaa wazee wetu, yalivunjwa kwa makusudi. Baada ya Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya mkoloni, kuwalisha watu viapo mwaka 1913, Mwingereza aliilipua Kaya Fungo kwa baruti mwaka 1914. UNESCO iliziandika kaya zetu katika urithi wa dunia mwaka 2008, ila kuulinda msitu si kuirudisha baraza iliyokuwa ikikaa ndani yake.

Msomaji wa Muyeye

Mzee wangu, kwa heshima, shoka la moto halipimi ukweli, linapima ngozi. Mama wa miaka 75 mwenye mikono iliyokauka akiungua, utamwita mwongo? Hapo siwezi kukufuata.

Lakini hata kiraho kingekuwa sahihi, hawa wanaoua hawatafuti ukweli. Wanatafuta shamba. Angalia nani anauawa: mwenye ekari ambazo hajazigawa, au aliyekataa kuuza. Tuhuma haianzi kwa mganga, inaanza nyumbani, na mganga anapelekewa jina likiwa nusu limeiva. Wateja wanamwambia nani waligombana naye, nani hakuja matangani, nani macho yake mekundu (moshi wa jikoni wa miaka 50 unatosha kuyafanya hivyo). Yeye anajibu, "Namwona mwenye mvi, nyumba yake iko upande wa kuchwea jua." Hakutaja mtu. Waliokaa mkekani wakamalizia wenyewe. Ndiyo sababu kila mmoja baadaye ana pa kujifichia: mganga anasema hakutaja, familia inasema iliambiwa, kijana anasema alitumwa.

Basi watangazieni vijana jambo moja. Sheria ya Urithi, kifungu cha 96, inasema aliyemuua mtu hapati sehemu yoyote ya mali ya marehemu, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mwingine. Lingesomwa hilo kila baraza ya chifu, lingeokoa wazee kuliko mahubiri mia.

Mwalimu wa historia, Maweni

Nitoke nje ya pwani kidogo, kwa sababu wako wenzetu waliowahi kulikabili swali hili. Uingereza iliifuta sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735 mnamo 1951, ikabaki na sheria dhidi ya ulaghai wa wanaojidai kusema na wafu. Muda mfupi baadaye Gerald Gardner alijitokeza hadharani na dini ya Wika, dini mpya inayojiita ya kale, nayo pia haina kitabu wala kiongozi mkuu. Kanuni yake inajulikana: ikiwa humdhuru yeyote, tenda upendavyo. Wengi wao huongeza kwamba unalolituma kwa mwenzako hukurudia mara tatu. Hakuna shetani wa kutupiwa lawama, hakuna padri wa kukuondolea dhambi. Wafuata Odin, mungu wa kale wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, huko Aisilandi walianzisha chama chao mwaka 1972, mwaka uliofuata serikali ikakitambua. Kufuta sheria, basi, hakukuleta balaa huko.

Mwanasheria, Malindi mjini

Mwalimu, mfano ni mzuri ila haujakaa sawa. Huko Uingereza, sheria ilipofutwa, karibu hakuna aliyekuwa akimuua jirani yake kwa uchawi. Hapa kwetu kifungu cha 6 ndicho ngao pekee iliyoandikwa waziwazi kwa ajili ya mtu anayeitwa mchawi. Futa mengine ukipenda, hicho kibaki. Tena faini ya shilingi 500 iondolewe kabisa, maana leo haifiki hata bei ya kuku.

Na ile kanuni ya kutomdhuru mtu, muulize yeyote aliyeshika panga: atakwambia anawakinga watoto wake. Kanuni inayomwachia mwenyewe aamue madhara ni nini haimzuii aliyejaa hofu.

Dada wa Shela, Malindi

Msituache sisi Waislamu tukikaa pembeni kama tumetakata. Halbadiri ni nini? Mali imeibiwa, watu wanakusanywa, yanasomwa majina ya watu wa Badr, waliopigana vita hivyo pamoja na Mtume, na aliyetenda anaombewa apatikane na jambo. Wako masheikh wanaoikataza na wako wanaoiruhusu. Ila angalieni inavyofanywa pale inapofanywa vizuri: hutangazwa kabla, mwizi hupewa siku za kurudisha, na hakuna mtu anayetajwa. Aliyetenda anajulikana kwa Mwenyezi Mungu. Madhara huja baadaye, jirani akiugua na watu wakaanza kunong'ona kuwa "imemshika". Hapo tumeshafanya yale yale ya mkekani. Anayenong'ona anabeba dhambi yake, hata kama kisomo kilikuwa halali.

Mfuasi wa dini ya jadi, Marafa

Dada yangu, hapo umenigusa. Kutomtaja mtu kunaweza kuwa sharti kwetu pia, na hakuvunji dini. Mganga anaweza kutibu, kuzindika nyumba, kuelekeza tambiko, bila kusema adui yuko upande gani wala ana mvi au hana. Wazee wa kaya walitangaze, na mganga atakayekiuka atengwe, asialikwe kwenye tambiko lolote. Kuhusu kiraho cha shoka, bado sijashawishika kukitupa.

Msomaji wa Muyeye

Kutengwa kwenye tambiko hakumtishi mganga wa mjini anayebandika tangazo kwenye nguzo ya stima. Hana kaya. Huyo wa kumwajibisha ni serikali na wateja wake.

Mwanasheria, Malindi mjini

Kweli, na kesi hizi hufia kwenye ushahidi, kwa sababu waliosikia ni ndugu wa muuaji. Kwa hiyo mzee akianza kutishwa, msingoje. Andikeni maneno yenyewe yalivyotamkwa, tarehe, na waliokuwapo. Barua ya vitisho msiishikeshike wala kuisambaza kwa simu: itieni kwenye mfuko safi, ipelekeni kituoni, mchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Tajeni kifungu cha 6 kwa jina, pamoja na Ibara ya 57 ya Katiba inayowalinda wazee. Asiyeweza kulala kwake usiku huo kuna kituo cha Godoma, Ganze, kinachowapokea wazee waliotuhumiwa. Akihamia huko, mwanawe mwingine au jirani abaki shambani akililima, kwa kuwa shamba lililoachwa tupu ndilo walilokuwa wakilitaka.