Nimepigwa dola 180: kopo la bia "halijaguswa" kumbe limepakwa rangi ya maji!

Wakuu, najua mtakachosema. Bongo ukitamka kwamba unaokota makopo, ndugu wanaanza kukuchangia nauli ya Mirembe. Mimi niko Ohio, naokota makopo ya zamani ya bia kwa akili zangu timamu, mwaka wa sita huu, na leo nina hasira.

Wiki mbili zilizopita nilinunua mtandaoni kopo la shingo. Kwa msiojua, bia ya kopo ilianza kuuzwa Januari 24, 1935, kule Richmond, Virginia. Ilikuwa Krueger, kopo bapa juu, unalitoboa kwa chuma. Mwaka huohuo yakaja ya shingo, umbo kama la Brasso, mdomoni kizibo kama cha soda, ili viwanda viyajaze kwa mashine zilezile za chupa. Hayo ndiyo yanayotutoa udenda, na kupata zima ni shida, maana bati na udongo haviivi chungu kimoja.

Nayajua kwa shida zake. Nimechimba majalala ya mashamba yaliyohamwa, kupe wameniingia mpaka kwapani. Nimeloweka makopo kwenye asidi ya oksaliki, ile ya kung'arishia mbao, na kati ya ishirini linatoka moja ambalo jina linasomeka. Mengine yanamegekea mkononi kama chapati kavu.

Kwa hiyo nilipoliona la shingo, jekundu, herufi za dhahabu, na muuzaji kaandika "halijaguswa", nikalipa. Dola 180. Mama watoto hajui, na tafadhali abaki hivyohivyo.

Limefika, nikalipeleka dirishani. Makopo ya kabla ya mwaka 1950 yana maandishi madogo kuonyesha kodi ya serikali kuu imelipwa. Yalichapwa kiwandani, yamenyooka kama reli. Haya ya kwangu yalikuwa yanapanda mlima! E ya mwisho ina mikono miwili tu, imekuwa F. Nikachovya pamba kwenye maji, maji tu wakuu, siyo tina ya kuyeyushia rangi, nikagusa pembeni. Pamba ikatoka nyekundu kama imefuta lipstiki. Chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti tundu la kutu linalopitisha njiti ya kiberiti.

Sikatai mtu kukarabati kopo lake. Wapo mafundi wanaofanya kazi nzuri na wanasema wazi: hapa nimejaza, hapa nimepaka, bei hii. Huyo nitampa hela yangu na asante juu. Lakini kuliandika "halijaguswa" kopo lenye puti nyingi kuliko bati, huo ni wizi wa mchana.

Nikamwandikia kwa adabu, na picha ya pamba nikaambatisha. Jibu: "Nililifuta vumbi tu." Vumbi jekundu! Nikaandika tena, akasema nimeliharibu mwenyewe kwa maji. Yaani kopo la bia, lililotengenezwa likae kwenye ndoo ya barafu, limeharibiwa na pamba mbichi.

Mara ya tatu hakujibu. Jana usiku nimepita kwenye ukurasa wake, ameweka la shingo jingine. Jekundu lilelile, "halijaguswa". Nikaivuta picha mpaka ikapasuka vidotidoti, nikatafuta maandishi ya kodi: E ina mikono miwili.

Anataka dola 210.