Redio ya maneno siku ya Krismasi: tupeane uzoefu

Mrombo wa Mbezi
Wakuu, heri ya sikukuu. Nyimbo tuziache pembeni kidogo. Nataka tukumbushane redio ya maneno msimu wa Krismasi: taarifa ya habari, ibada, salamu, michezo ya redio, hotuba, hata matangazo ya vifo. Ulisikiliza nini, wapi, na redio ilikuwa mikononi mwa nani?

Naanza. Kwetu Rombo enzi za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), Desemba kijiji kinafurika. Wa Dar wamepanda, wa Arusha wamepanda, kila baba mdogo kaja na redio mpya ya kuringia. Lakini inayosikilizwa ni ile ya babu, waya wake umepandishwa mpaka juu ya mparachichi. Mawe ya redio, yaani betri, yalikuwa yanaanikwa juani siku kadhaa kabla, ili yasije yakazima sikukuu yenyewe. Mkesha wa tarehe 24, wazee wasioweza kushuka kanisani na ile baridi walifuata misa redioni. Bibi alikuwa anaitikia na kupiga ishara ya msalaba kana kwamba padri anamwona.

Asubuhi vijana wako kwenye kuchinja, supu ya kisusio inachemka, babu hasogei kitini. Ngoma za taarifa ya habari zikilia, ukiongea unatazamwa tu, unajijua. Na uwanja mzima ulinyamaza zaidi kwenye matangazo ya vifo. Mtu kafia Muhimbili, habari ziwafikie fulani wa Mkuu, fulani wa Useri, fulani wa Tarakea. Ukoo wote ndio huo uko uani, kwa hiyo jina likitajwa kuna mtu anaweka kibuyu cha mbege chini. Mwaka mmoja aliyetajwa alikuwa ameshika kisu, mbuzi yuko nusu. Wenzake walimalizia, yeye akaenda kutafuta gari la kumteremsha Moshi.

Haya, endeleeni.

Fundi Mitambo Mstaafu
Mkuu, mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo redio. Kituo sikitaji.

Watu hawajui Krismasi ya redio ilibebwa na nani. Ilibebwa na Waislamu wa ofisi. Ilikuwa mapatano yasiyoandikwa popote: wao wanashika zamu tarehe 25, sisi tunashika zamu Idd. Msomaji wetu wa habari wa Krismasi alikuwa mama mmoja wa Tanga, amejitanda mtandio wake, na “Heri ya Krismasi” yake ilikuwa tamu kuliko ya paroko. Mimi Mkristo nilikuwepo kwa sababu fundi wa mitambo tulikuwa wachache. Mke wangu alinifuata na hotipoti la pilau, tukala wote kwenye korido, mlango wa studio umefungwa.

Kingine: sehemu kubwa ya mliyokuwa mnasikia tulikuwa tumeshairekodi mapema. Mahubiri, mahojiano, mchezo wa redio. Kwenye mchezo mmoja familia inakula wali wa sikukuu, na ule mlio mliousikia ni kijiko kwenye sahani tupu, waigizaji wenyewe hawajala tangu asubuhi. Mubashara zilikuwa habari na vifo. Jamaa anafika getini ana karatasi imekunjwa mara nne, macho mekundu, anahesabu maneno kwa kidole kwa sababu tangazo linalipiwa. Mlinzi wetu alikuwa anawasaidia kupunguza maneno bila kumtoa ndugu hata mmoja. Huyo mlinzi alistahili nishani.

Mama Songea
Kwetu ni saa nane mchana, Papa akitoa baraka kutoka Roma. Mama hafunui sufuria mpaka amalize. Wali tumeula umepoa miaka yote.

Shuwari, Mombasa
Mimi yangu si ya Krismasi yenyewe, ni ya kesho yake, Jumapili tarehe 26 Desemba 2004. Tulikuwa ufuo wa Pirates, umejaa watu hadi huoni mchanga. Matatu iliyotuleta ilikuwa imeegeshwa, dereva kalala, redio iko wazi. Watangazaji walikuwa wakizungumzia mawimbi yaliyoua watu Indonesia na Sri Lanka, nasi twasikiliza huku twala viazi vya karai, mambo ya mbali. Mara wasema watu waondoke fuoni pwani yote. Mwanzo tulicheka. Kisha tukaona polisi washuka, na maji yarudi nyuma kuliko kawaida. Dereva aliamka akaita watu wake bila kuuliza nauli.

Kenya alikufa mtu mmoja, Tanzania wakafa wasiopungua kumi, na Somalia ndiko kulikoumizwa zaidi upande wetu huu. Tangu siku hiyo mamangu hatuachii tuende pwani Boxing Day kabla hajasikiza habari. Twamtania, lakini twangoja.

Wa Nakuru
2007. Krismasi Jumanne, kura Alhamisi. Mezani hakuna aliyezungumzia kuku, redio ilikuwa siasa kuanzia alfajiri. Jumapili tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Baba akatoa kabatini redio ndogo ya masafa mafupi. Kuanzia hapo majirani walikuwa wanakuja saa kumi na mbili na nusu jioni kusikiliza Dira ya Dunia ya BBC, wa makabila yote mwanzoni. Baadaye wakapungua. Mengine sitaki kuyaandika.

Mlezi wa Leeds
Pole sana ndugu yangu wa Nakuru.

Mimi nalea wazee Uingereza. Tarehe 25 huku treni hakuna, mabasi karibu yote hakuna, kwa hiyo wa zamu tunalala kazini, na kuna bibi hataki televisheni, ni BBC Radio 4 tu kutwa. Tarehe 24 saa tisa alasiri ni ibada ya King's College, Cambridge, inarushwa tangu 1928. Visomo tisa: cha kwanza anasoma mtoto wa kwaya, cha mwisho mkuu wa chuo. Kesho yake saa tisa ni hotuba ya mfalme. Desturi hiyo aliianza George V mwaka 1932, akiisemea himaya nzima, yaani na Tanganyika yetu tukiwemo bila kuulizwa.

Ila ninachokipenda mimi ni utabiri wa bahari kwa wenye vyombo. Haukosi, hata Krismasi. Yanasomwa majina ya maeneo ya bahari: Viking, Dogger, Fisher, German Bight, upepo huu, mawimbi yale, sauti ya taratibu. Bibi anasinzia katikati. Mimi mtoto wa Tanga nabaki macho, namuwazia baba na kaskazi ya Desemba.

Kigoma Mwisho wa Reli
Sisi tunashika redio za Burundi bila shida, Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo tarehe 31 tunamsikiliza Rais wetu, saa sita usiku tunashangilia, halafu mjomba anahamisha mshale Bujumbura, na saa saba tunashangilia tena. Soda ya pili alikuwa anaificha kwa ajili hiyo.