Tuliofungwa mkanda wa tumbo (na wenye puto) huku Nyanda za Juu Kusini, tupeane uzoefu bila kufichana

MamaWaUyole
Wakuu, poleni na baridi. Jana nilikuwa Mwanjelwa nachagua viazi, dada mmoja akanipa kipande cha ndizi choma nionje. Kipande chenyewe kama kidole gumba. Nikatia mdomoni huku naongea na simu, nikameza bila kutafuna vizuri. Hazikupita dakika mbili nimeinama nyuma ya meza ya nyanya, mate yanachuruzika kama ng'ombe mwenye ugonjwa wa miguu na midomo. Mama wa nyanya ananipigapiga mgongoni, ananiuliza, "Mama, hiyo mimba ya miezi mingapi?" Nina miaka 46 jamani.

Mkanda wangu niliwekewa India mwaka 2013, nikiwa na kilo 118. Nilishuka hadi 81. Leo nina 94. Kwa wasioujua, ni pete ya silikoni inazungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, inashikana na mrija mwembamba unaokwenda kwenye kitufe chini ya ngozi ya tumbo. Daktari anachoma sindano kwenye kitufe, anatia maji ya chumvi, pete inakaza. Akiyatoa, inalegea. Mwanangu alipokuwa mdogo alikuwa anakibonyeza kile kitufe ananiuliza, "Mama, umemeza shilingi mia?"

Sasa binamu yangu wa Tukuyu kavuna parachichi, kapata hela, na yeye anautaka. Kaniuliza mimi. Asubuhi namwambia nenda, usiku namwambia usithubutu. Mlio na uzoefu njooni.

Kifyonzi
Nakaa hapa na kahawa yangu nasubiri.

HeheMtulivu
Mimi sijutii hata siku moja. Nilikuwa na kilo 131, sukari inapanda, magoti yananiua, kupanda ngazi za ofisini hapa Iringa mjini nilikuwa napumzika mara mbili. Sasa dawa za sukari nimepunguziwa na bustani nalima mwenyewe. Siri ni moja: nilifuata masharti. Ukila, usinywe. Ukinywa, usile. Tafuna mpaka kiwe uji. Mnaolalamika wengi mnakula kama kabla ya upasuaji.

MamaWaUyole
Mkuu, na maji unaongezewa wapi ukiwa Iringa?

HeheMtulivu
Naenda Dar kila inapobidi. Nina ndugu Ubungo.

MamaWaUyole
Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana.

Mtu_wa_Sae
Samahanini, ila mambo mengine ni uvivu tu. Acheni wali, kuleni mboga, tembeeni kutoka Sae hadi Mafiati kila asubuhi. Mamilioni mnawapa Wahindi wawafunge tumbo, wakati kufunga mdomo ni bure.

BiMkubwa_Forest
We kijana una kilo ngapi?

Mtu_wa_Sae
62.

BiMkubwa_Forest
Basi tulia, kunywa chai. Watu wazima tunaongea.

NdagaSana
Nimekuja kwa sababu ya ile "mate kama ng'ombe". Nimecheka halafu nikalia, maana na mimi yamenipata, tena msibani Kyela.

Alifariki baba mkubwa. Mimi mkanda wangu ulikuwa na miezi saba, nimetoka juzi tu kuongezewa maji, nao walikaza kweli. Kule kwetu unajua, msibani usipokula watu wanasema umeleta maringo ya mjini, au wanasema jingine. Na wakati huo nilishashuka kilo 30, minong'ono imeanza: "Huyu kakanyaga miwaya." Mama mkwe alishamwita mume wangu pembeni kumuuliza kama tumepima. Nikaona leo nile mbele yao, waone mtu mzima anakula.

Nikaletewa wali wa Kyela na nyama ya ng'ombe, ile ya kuvuta na meno. Nikala matonge mawili. La tatu likagoma kushuka. Sio kupaliwa kama mnavyojua, pumzi inapita vizuri, ila kifuani ni kama mtu amekukanyagia kisigino hapo katikati. Nikanywa maji ili lishuke. Kosa. Maji yakarudi yote, na povu jeupe linalovutika kama mlenda. Nikaenda migombani. Nikatapika mpaka kukatoka uzi wa damu. Tangu saa tisa mchana hadi asubuhi sikuweza kumeza hata mate yangu. Nimelala nimekaa, kikombe mkononi, natema. Wamama wananiombea, mmoja ananikanda mgongo na mafuta, mwingine anasema marehemu ananidai kitu.

Asubuhi nikapelekwa hospitali, siitaji. Dokta kijana, mpole kweli, akapapasa tumbo akakutana na kitufe. Akasema, "Mama, una uvimbe." Nikamwambia sio uvimbe, ni kitufe cha mkanda, nichome utoe maji nipone. Akaniangalia kama naongea Kichina. Hakuwahi kuuona. Na sindano yenyewe ni maalumu, haikati ile mpira ya juu ya kitufe. Ukichoma na ya kawaida unatoboa, maji yanavuja. Sikumlaumu. Alipiga simu kwa mwalimu wake, wakaniwekea dripu, nikasafirishwa mpaka Dar nimelala kiti cha nyuma cha Noah. Kule ilichukua dakika tano. Walichoma, wakavuta maji, nikasikia "tlup", kitu kimeshuka. Nikaomba maji ya kunywa, nikanywa glasi nzima nalia.

Zaidi ya kilomita 900 kwa ajili ya kazi ya dakika tano. Hilo ndilo najutia. Mkanda wenyewe sina ugomvi nao sana.

Kifyonzi
Kahawa imepoa.

BiMkubwa_Forest
Pole mwanangu. Ndaga.

Tukuyu_Asilia
Kikikwama kunywa soda nyeusi, gesi inasukuma.

Mama_Njombe
Usinywe soda! Mimi natafuna papai, linayeyusha nyama.

SindanoBaridi
Mimi ni muuguzi. Soda hapana, papai hapana. Kikikwama simama, tembea taratibu, usiongeze kitu juu yake, kula wala kunywa. Kikikataa kwa saa kadhaa, mate hayapiti, au kuna damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke. Kutapika mara kwa mara kunaweza kuuhamisha mkanda ukateleza kutoka mahali pake, na hapo mara nyingi ni upasuaji. Na kila mwenye mkanda atembee na karatasi mkobani: aina ya mkanda, tarehe, una maji mililita ngapi, namba ya aliyekuwekea. Ule mkanda wa dada wa Kyela ungeandikwa hata nyuma ya kadi ya bima ungemsaidia yule dokta.

Mtu_wa_Sae
Narudia, kuleni mboga.

BiMkubwa_Forest
Mods, huyu.

Tunduma_Boda
Ngojeni niwape ya puto. Mimi sikufungwa mkanda, niliwekewa puto Dar. Unameza mrija wenye kamera, wanaliingiza, wanalijaza maji, linakaa humo tumboni unajihisi umeshiba. Niliambiwa miezi 6 nirudi litolewe. Wiki ya kwanza nilitapika mpaka nikamkumbuka bibi yangu. Baadaye raha tupu, kilo 14 zikatoka. Ikafika miezi 6, biashara mpakani imechanganya, mizigo imekwama, nikasema nitaenda mwezi ujao. Mwezi wa tisa nikaamka asubuhi, nikaenda kukojoa. Wakuu. Kijani. Kijani ya jezi ya Yanga.

Kifyonzi
😂😂😂

Chizi_la_Iyunga
Hii chai, tena ya tangawizi.

Tunduma_Boda
Naapa. Nilimwita mke wangu aje aone. Alipoona akatoka nje akapiga simu kwa mchungaji. Ndani ya saa moja sebule imejaa, wananiwekea mikono. Shemeji yangu akasema ni mshindani wangu wa biashara wa upande wa Zambia. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini, maana tulikorofishana kweli. Ni binti yangu wa sekondari ndiye aliyesoma zile karatasi za hospitali, akaniambia, "Baba, imeandikwa hapa, ukiona mkojo wa bluu au kijani piga simu haraka."

Chizi_la_Iyunga
Mkojo wa kijani, mchungaji, Zambia. Mwandishi wa filamu huyu.

SindanoBaridi
Sio chai. Maji ya kwenye puto la aina hiyo huwa yamechanganywa rangi ya bluu kwa makusudi. Puto likipasuka, rangi inaingia mwilini, inatoka na mkojo. Hiyo ni kengele. Puto lililonywea likiteremka kwenye utumbo linaweza kuziba njia yote. Ndiyo maana wanasisitiza lisipitilize muda.

Chizi_la_Iyunga
Basi nimeomba radhi. Ila Yanga umeiingiza kwa makusudi.

Tunduma_Boda
Usiku ule ule nilipanda basi. Walilitoa kwa kamera. Yule daktari alinionyesha, limekunjamana kama mfuko wa maziwa. Kilo zote 14 zimerudi na rafiki zake wanne.

Msimbazi_Makambako
Jezi ya Yanga ndani ya mkojo, mimi hapo nimeridhika na uzi huu.

Mama_Njombe
Turudi kwenye mkanda jamani. Mimi jambo ambalo sikuambiwa ni kwamba mkanda hauzuii vitamu. Kipande cha nyama kinakwama, lakini aiskrimu, juisi, soda, chokoleti, vinateleza kama maji ya mfereji. Nikajikuta ugali umenishinda nakunywa maziwa yenye sukari kutwa nzima. Uji wa ulezi na karanga, vikombe vinne. Nikanenepa nikiwa na mkanda. Daktari ananiuliza unakula nini, nasema "sili kitu", na ni kweli, nakunywa.

MamaWaUyole
Umeniumbua. Mimi ni parachichi na asali.

Tukuyu_Asilia
Parachichi la Rungwe lakini, sio yale ya Njombe.

Mama_Njombe
Ya Njombe yanapanda ndege, ya kwenu yanaozea barabarani.

Tukuyu_Asilia
Nani kakudanganya? Hayo yenu yanasafiri na meli kama mizigo mingine.

(Hapa waliendelea na parachichi kama ujumbe 20, nimeruka. — MamaWaUyole)

Wa_Mafinga
Wangu ulitolewa. Mwaka wa sita pale kwenye kitufe pakavimba, pakatoa usaha. Wakapasua kama jipu, wakanipa dawa, pakapona, pakarudi. Mara tatu. Halafu cha ajabu nikaanza kula sahani nzima bila shida, nikafurahi kweli, nikasema tumbo limezoea. Kumbe mkanda ulishakula ukuta wa mfuko wa chakula ukaingia ndani. Walipopeleka kamera ndio wakauona umekaa humo kama mgeni. Usaha wa kitufe unaokuja baada ya miaka, usikubali uitwe jipu tu. Omba kamera.

NdagaSana
Mungu wangu.

HeheMtulivu
Na wangu upo mwaka wa nane hauna shida. Kila mtu na mwili wake.

Wa_Mafinga
Sijabisha mkuu. Nakuombea ufike ishirini.

Dada_Songwe
Mimi nilikuwa nahangaika na mtoto miaka 9. Baada ya kupungua nikashika mimba. Walinilegezea mkanda kwa sababu ya kichefuchefu, nikajifungua salama. Anaitwa Neema. Hata wakiniambia nichague upya na ile kutapika yote, nachagua Neema.

BiMkubwa_Forest
Hapo umefunga mjadala mwanangu.

MamaWaUyole
Haujafungwa, binamu bado anasubiri jibu. Ana kilo 84, urefu mita 1.60. Hana sukari, presha wala nini.

SindanoBaridi
Kipimo cha unene, BMI, ni kilo ugawe kwa urefu mara urefu; kilo 84 kwa 1.60 inatoka kama 33. Kiwango cha zamani cha kufanyiwa upasuaji kilikuwa 40, au 35 kama una ugonjwa juu yake. Mwaka 2022 madaktari wa upasuaji huu walishusha hadi 35 bila ugonjwa, na 30 kwa mwenye kisukari na mfano wake. Kwa mtu wa 1.60, hiyo 35 ni karibu kilo 90. Binamu yako hajafika. Tena siku hizi hata huko nje mkanda wanauweka wachache, wengi wanakata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na hiyo ikishakatwa hairudi. Atamkuta mtu wa kumuuzia, hilo halina shaka. Muulize nani anamwambia ni mnene.

MamaWaUyole
Mchumba.

BiMkubwa_Forest
Basi akafungwe mkanda huyo mchumba, mdomoni.

Mtu_wa_Sae
Leo tumekubaliana, mama.

NdagaSana
@MamaWaUyole lakini wewe mwenyewe kukwama kwa kipande cha kidole gumba sio kawaida. Lini mara ya mwisho umeangaliwa?

MamaWaUyole
2019.

NdagaSana
Dada! Mimi nakwenda Dar Alhamisi kupunguziwa maji. Twende wote.

MamaWaUyole
Hela ya nauli ninayo, woga ndio mwingi. Basi la saa ngapi?

NdagaSana
Kumi na moja alfajiri, tuonane Nanenane. Beba uji kwenye chupa, maana pale wanaposimamisha gari kula ni nyama choma na dakika kumi. Na Ruaha Mbuyuni usije ukanishawishi tununue vitunguu, nitakuwa sina nguvu ya kubeba.