Mkataba unasema "mtoa huduma huru", akaunti imefungwa. CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi) watapokea?

Oda_Kinondoni:
Wakuu, naulizia madereva boda wa kampuni moja ya kupeleka chakula hapa Dar. Mkataba unasema ni watoa huduma huru. Pikipiki na mafuta ni juu ya dereva, lakini zamu zinapangwa na msimamizi kwenye kundi la WhatsApp, sare ni lazima, na ukikataa oda unapigwa faini. Malipo kila wiki kwa simu, yakishakatwa kodi ya zuio 5%, ile ya watoa huduma, si ya mishahara. NSSF hakuna. Mmoja kafungiwa akaunti wiki 2 zilizopita bila barua, baada ya mwaka na zaidi kazini. Aende CMA, au mkataba ushammaliza?

Kifungu61:
Haujammaliza. Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004: anayemfanyia mtu kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, mradi kigezo hata kimoja kati ya 7 kipo. Hapa naona vitatu bila kuhangaika. Namna ya kazi inaongozwa na mwingine, saa zinapangwa na mwingine, na amefanya wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 ya mwisho. Hizo 45 dereva wa zamu anazimaliza kwa wiki moja. Kodi ya zuio isiwatishe. Kampuni kuchagua kukata hivyo hakuamui nani ni mwajiriwa.

Mtetezi_Kazini:
Sawa, ila hiyo "mpaka ithibitishwe vinginevyo" ndiyo inayoangusha kesi. Kampuni itasema pikipiki ni ya kwake dereva, anabeba abiria akitaka, na yuko kwenye apu nyingine mbili. Kinachojibu hayo ni ushahidi wa amri: ratiba za zamu, ujumbe wa faini, maagizo ya sare, na taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha mlipaji ni yule yule kila wiki. Asijitoe kwenye kundi wala asiuze simu. Picha za skrini peke yake hubishiwa, kwa hiyo aandae kiapo kinachoeleza zimetoka simu ipi na nani alizitoa.

Fomu_F1:
Mnajadili vigezo na siku zinakwenda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, madai mengine 60. Huyo amebakiwa na 16 hivi. Ajaze CMA F.1, fomu ya kufungua mgogoro, pamoja na Sehemu B ya walioachishwa kazi, ambayo wengi huiruka, na kila dai aliandike na kiasi chake. Lisilodaiwa kwenye fomu halitolewi. Mlalamikiwa ni jina la kampuni lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), si jina la apu lililochapishwa kwenye begi la chakula. Akikosea hapo, hata akishinda atashindwa kukazia tuzo, yaani kutekelezewa uamuzi wa CMA. Nakala imfikie mlalamikiwa kwanza, isainiwe au igongwe muhuri, kisha uthibitisho huo uende CMA na fomu.

Oda_Kinondoni:
Msimamizi anamwambia "akaunti inakaguliwa, subiri". Hapo siku zinasimama?

Fomu_F1:
Ahesabu tangu siku akaunti ilipofungwa. Kanuni zinataja pia tarehe ya uamuzi wa mwisho wa mwajiri, lakini bila barua ataithibitishaje? Zikipita itabidi aambatanishe F.2 ya kuomba kuongezewa muda, na huko kila siku ya kuchelewa hutakiwa maelezo. "Niliambiwa nisubiri" kwa mdomo tu ni sababu dhaifu mno.