Stargate: nianze na filamu au na msimu wa kwanza?

Shangazi_Donholm:
Wadau, hamjambo? Shule zimefungwa na mtoto wa kaka yangu yuko kwangu, ana miaka 13. Ameona kipande cha Stargate, ile hadithi ya lango linalowapeleka watu sayari za mbali, kwenye simu ya mtu, sasa hanipi nafasi ya kupumua. Kijana wa duka la muvi hapa stejini amenijazia hadi diski: filamu ya 1994, na mifululizo ya TV iliyoifuata: SG-1, Atlantis na Universe. Nimeangalia orodha nikachoka. Nianze wapi? Tena sebule ni moja na mama mkwe huketi nasi, kwa hivyo kama kuna pa kuruka niambieni mapema.

Mlinzi_wa_Umoja:
Dada, umeuliza mtu anayelipenda swali hili. Anza na filamu. Zima taa, ongeza sauti, muiangalie yote kwa mkao mmoja.

Mle ndani kuna Daniel Jackson, msomi anayezungumzia mapiramidi hadi wasikilizaji wanainuka na kumwacha ukumbini. Kisha anaonyeshwa mambo yaliyofukuliwa Giza mwaka wa 1928, na jibu linamjia: alama zilizochongwa humo ni makundi ya nyota, yaani anwani ya kwenda kupitia lango. Anachora mchemraba. Alama sita zinafunga mahali pamoja angani, ya saba ni pale unapoondokea. Hapo msimamishe mtoto kidogo, mpe kalamu achore mwenyewe. Mwalimu wangu wa hesabu alihangaika muhula mzima na mambo ya nafasi, lakini yaliniingia siku hiyo, nimekaa sakafuni na ndugu zangu mbele ya TV ya kichogo.

Mwisho wa filamu kuna mtu anayeamua kubaki upande wa pili wa lango. Sitasema zaidi. SG-1 inaanza mwaka mmoja baadaye, na inaanzia kwenye uamuzi huo huo. Uchungu wa Daniel katika misimu mitatu ya kwanza unatoka hapo. Asiyeiona filamu atamwona mtu mwenye huzuni tu, hatajua amepoteza nini.

Kuhusu mama mkwe: kipindi cha kwanza cha SG-1, Children of the Gods, kilitengenezewa Showtime, stesheni ya kulipia, na kina mtu uchi. Mwaka wa 2009 kilihaririwa upya na sehemu hiyo ikatolewa. Muulize kijana wa duka kama anayo hiyo. Kama hana, kiangalie peke yako kwanza ujue pa kupeleka mbele. Baada ya hapo mtoto anaweza kuangalia, ila kuna vifo, na vingine vitamliza. Mimi msimu wa saba ulinitoa machozi na nilikuwa mtu mzima.

Injinia_Rongai:
Samahani, mimi ningeruka filamu. Kwenye filamu, kanali anayeongoza kikosi anaigizwa na Kurt Russell, ukienda SG-1 ni Richard Dean Anderson. Hata jina limebadilika, O'Neil amekuwa O'Neill. Mke wa Daniel ni Sha'uri huku, Sha're kule. Mtoto atachanganyikiwa bure.

Mlinzi_wa_Umoja:
Injinia, watoto hawachanganyikiwi na sura mpya. Wanaona kaptura ya mjomba ikivaliwa na binamu na hawaulizi. Kanali wa filamu amefiwa na mwanawe na hajali tena kama atarudi hai. Yule wa SG-1 anapenda utani. Ukiwa umemwona wa kwanza, kila utani wa huyu wa pili unausikia vingine. Fika kwenye Cold Lazarus, msimu wa kwanza, halafu uniambie kama ungeielewa vile vile bila kuiona filamu. Hicho ni kipindi cha baba na mwanawe, lango limewekwa pembeni kabisa, na ndicho kilichonifanya nibaki na watu hawa hadi leo.

Shangazi_Donholm:
Basi filamu ni Jumamosi. Kijana wa duka anayo ile ya 2009, ameshanibadilishia. Mpwa anauliza: Atlantis iingie lini? Na anaweza kuonja Universe sasa?

Mlinzi_wa_Umoja:
Mwambie asubiri, na asubiri kwa furaha. Malizeni misimu saba ya SG-1. Atlantis ilianza 2004 pamoja na msimu wa nane, kwa hivyo kuanzia hapo mnapokezanisha, leo hii, kesho ile. Msimu wa sita Daniel hayupo, nafasi yake anashika Jonas Quinn. Mtoto atakasirika. Mwache akasirike, ila asiuruke, Jonas ni mtu mzuri na alistahili kupendwa zaidi.

Universe iwe ya mwisho. Ni vipindi 40 tu, iliishia 2011, na ni nzito kuliko hizo nyingine. Kwa miaka 13 ningengoja kidogo.

Na msimu wa nne kipindi cha sita, Window of Opportunity, O'Neill na Teal'c, mwenzake kikosini, wanairudia siku moja tena na tena. Mwite mama mkwe kabisa siku hiyo, hata kama hajaona kingine chochote. Atacheka.